Kiboko Alivyolala Barabara

"Ngano yangu yapita!"

"Na ipite!"

"Imejikwaa!"

"Iinuke!"

"Imeinuka na vumbi lake!"

"Ipanguse, utusimulie!"

Haya, sogeeni. Wewe Siwema, kunja miguu yako, leo kuna habari za miguu na sitaki kukanyaga ya mtu. Ngano hii nilisimuliwa na marehemu bibi yangu. Alipomaliza aliniuliza, "Umeelewa?" Nikamwambia, "Sijaelewa, bibi." Akasema, "Hata mimi." Kwa hiyo mtu asinikatize katikati. Tutachanganyikiwa sote pamoja, kama ndugu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na miji yao na serikali yao, palikuwa na mji ukiitwa Vidimbwini. Mji huo ulikuwa na barabara moja tu. Barabara hiyo ilikuwa na shimo moja tu. Lakini shimo, jamani, shimo! Lilianza dogo, la kutosha yai. Mvua ikanyesha, chwa-chwa-chwa, likawa la kutosha sufuria. Mvua ikanyesha, chwa-chwa-chwa, likawa la kutosha karai. Mvua ikanyesha tena, chwa-chwa-chwa, likawa la kutosha Kiboko mzima na mkia wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Usipoziba shimo utajenga nini, hawakusema. Labda wao hawakuwa na barabara.

Sasa huyo Kiboko ndiye alikuwa mwenyekiti wa mji. Mnene, mwenye nguvu, na mlafi wa kupindukia. Kila asubuhi aliingia ndani ya lile shimo, pwaa! akaoga. Kila jioni aliingia ndani ya lile shimo, pwaa! akaoga tena. Wananchi wakimwambia, "Mwenyekiti, shimo," yeye huwaangalia kwa mshangao na kusema, "Shimo lipi? Mimi hapa naona bafu."

Kando ya barabara hiyo, upande wa bondeni, chini ya mzizi uliooza, aliishi Bi Jongoo. Mfupi, mweusi, mpole, tena hana meno. Miguu ndiyo alikuwa nayo. Kila masika upande wa bondeni hufurika maji, na kila jongoo mwenye akili huvuka kwenda upande wa juu, penye gogo kavu. Lakini atavukaje? Katikati pana shimo. Pembeni mwa shimo hapana njia ya miguu, wakubwa kwa wadogo wanapita papo hapo, kwato juu ya vichwa. Masika yaliyopita Bi Jongoo alivuka na watoto wake wote, akafika ng'ambo peke yake. Hapo sitaongeza neno, nitalia.

Mwaka huu alikuwa na watoto wengine, weupe, wadogo kama vipande vya uzi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Bi Jongoo alikuwa akiyatazama. Aliogopa sana, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Basi siku moja akaja Kasuku, mjumbe wa serikali ya Simba. Akatua juu ya tawi, akapiga mabawa, pa-pa-pa, akadondosha gunia zito, puu! Kisha akatangaza:

"Serikali imetoa fungu! Fungu hili litumike barabara! Na njia ya miguu isisahaulike!"

Wananchi wakashangilia, vigelegele juu. Kobe, jirani yake Bi Jongoo, akasema, "Alhamdulillahi! Shimo litazibwa. Fungu la barabara limekuja."

Kiboko akakohoa. Akasema, "Ngoja kwanza, Mzee Kobe. Nani amesema fungu la barabara? Amesema litumike barabara. Yaani sawasawa. Vizuri. Ipasavyo. Mtu akifunga mlango barabara, ameufunga njiani?"

Kobe akafikiri. Akasema, "Hapana."

"Mtu akila akashiba barabara, ameshibia njiani?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Basi ndiyo hivyo. Nami nitalitumia barabara."

Chura akaruka, akasema, "Lakini mimi nilivyosikia ni barabara hii tunayoikanyaga." Konokono akasema yeye alisikia zote mbili. Mwingine akasema litumike barabara kwenye barabara. Mwingine akasema hapana, litumike kwenye barabara lakini si barabara sana, lisije likaisha. Wakamgeukia Kasuku: "Tufafanulie, mjumbe. Barabara ipi?"

Kasuku akainamisha kichwa. Akasema, "Fungu hili litumike barabara! Na njia ya miguu isisahaulike!"

"Ndiyo, tumesikia. Maana yake nini?"

"Fungu hili litumike barabara!"

Kumbe Kasuku kazi yake kusema, kuelewa si kazi yake. Akaruka, pa-pa-pa, akaenda zake. Huku nyuma wananchi wakabishana tangu jua la utosi hadi jua linakwenda kulala. Walipochoka wakageuka waliangalie gunia. Gunia hakuna. Wakamwangalia Mwenyekiti. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba, tuu!

"Mwenyekiti, una nini?"

"Jimo," akasema Kiboko, mkono shavuni. "Jimo wanauma."

Jino linamuuma. Wananchi wakamwonea huruma, wakampa pole, mmoja akamletea karafuu.

Unacheka nini, Siwema? Hata wewe ungempa pole. Ni Bi Jongoo peke yake ambaye hakusema pole. Yeye huishi chini, na aliye chini humwona mtu mkubwa kwa upande wa kidevu. Aliona kamba ya gunia ikining'inia pembeni mwa mdomo. Akanyamaza kimya. Jongoo na Kiboko hawapigani ngumi.

Siku zikapita. Wananchi wakaenda kwa Mwenyekiti. Wakamkuta shimoni.

"Hodi, Mwenyekiti. Fungu liko wapi?"

"Wiko bawabawa."

"Liko barabara?"

"Bawabawa."

"Liko barabarani?"

"Bawabawa!"

Wakarudi nyumbani. Huyu anasema liko salama, yule anasema liko njiani, linakuja. Wakasubiri. Siku zikapita. Wakaenda tena.

"Hodi, Mwenyekiti. Na njia ya miguu je?"

Kiboko akainua mguu mmoja kutoka majini, akauonyesha. "Miguu mizima," akasema. "Sijaisahau."

Wakatazama ule mguu. Kweli ulikuwa mzima, tena umeoshwa. Wakarudi nyumbani wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja. Kobe akamwuliza mkewe, "Hivi tulikwenda kudai nini?" Mkewe akamwambia, "Mimi sikwenda, unaniuliza mimi?"

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya mzizi wa Bi Jongoo. To! Bi Jongoo akawakusanya watoto chini ya tumbo lake, miguu yote imewakumbatia. Tone la pili. To! Akasema moyoni, "Nikingoja wenye nguvu waelewane maana ya neno, wanangu watakufa." Akakaa anawaza. Akawaza, akawaza, mpaka Kasuku akarudi.

Pa-pa-pa! Kasuku juu ya tawi.

"Mkaguzi anakuja kesho! Mheshimiwa Twiga anakuja kukagua barabara! Barabara ikiwa mbovu, mwenyekiti atafanywa kiboko!"

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka. Nitawaambia maneno yake kwa mdomo mtupu, maana yeye alisema na gunia shavuni. Mkitaka kusikia hasa alivyosema, tieni kiazi mdomoni. Akasema, "Nitafanywa kiboko? Mimi ni Kiboko tangu tumboni mwa mama yangu! Serikali hii nayo!"

Bi Jongoo akajikokota, tiki-tiki-tiki, akafika ukingoni mwa shimo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Bi Jongoo."

"Mwenyekiti, nimekuja kukupa pole mapema."

"Pole ya nini? Ya jino?"

"Ya ngozi. Hicho kiboko alichokisema mjumbe si kiboko wewe. Ni kiboko cha kuchapia. Na kiboko cha kuchapia hutengenezwa kwa ngozi ya Kiboko."

"Kiboko yupi?"

"Kiboko wewe."

"Kwa hiyo Kiboko atafanywa kiboko?"

"Barabara kabisa," akasema Bi Jongoo.

Kiboko akageuza shingo. Akajitazama ngozi. Nene, laini, nzuri ya kukata mkanda. Akaanza kutetemeka, maji ya shimo yakafanya mawimbi.

"Bi Jongoo, mama yangu, nifanyeje? Shimo lenyewe hili! Hata nikianza sasa hivi halizibiki kwa kesho."

"Mwenyekiti, mbona dawa unayo? Serikali ilisema fungu litumike barabara, ukaelewa wewe peke yako, sisi sote tukakosa. Sasa nawe lala barabara."

"Nilale vizuri? Nitapataje usingizi mtu anataka ngozi yangu?"

"Sikusema usinzie. Lala barabara."

"Nilale njiani?"

"Lala barabara, barabarani, barabara."

Kiboko akafumba macho. Akasema, "Nimepotea."

"Sikiliza, Mwenyekiti. Shimo hili lina ukubwa gani?"

"Lanitosha mimi."

"Na wewe una ukubwa gani?"

"Wa shimo hili."

"Basi. Lala ndani, jaa. Mgongo uwe juu, sawa na ardhi. Sisi tutakupaka tope na kukunyunyizia mchanga. Mkaguzi atapita, ataona barabara tambarare kama sinia. Atakwenda zake, nawe utaamka na ngozi yako."

Kiboko akafurahi kwelikweli. Kulala ndani ya bafu lake ilikuwa kazi anayoipenda. Akasema, "Bi Jongoo, kumbe una akili, tatizo lako ni ufupi."

"Ahsante, Mwenyekiti. Lakini kuna sharti moja. Barabara haisemi. Ukisema neno, umekuwa shimo. Ukiwa shimo, umekuwa kiboko."

Alfajiri Kiboko akaingia. Pwaa! Maji yote nje. Akajikunja miguu chini, akajaa kama maharage katika ganda. Chura akapaka tope, paka-paka-paka. Kobe akasawazisha kwa tumbo lake, kwaru-kwaru-kwaru. Konokono akanyunyiza mchanga. Yakabaki matundu mawili ya pua, na Bi Jongoo akakaa karibu nayo amejikunja, ungedhani ni kokoto.

Hao wanakuja! Mbele Mheshimiwa Twiga, shingo mawinguni, anatazama mbali. Nyuma yake Tembo. Tembo katika serikali ile ndiye alikuwa mshindiliaji. Barabara haikupokewa mpaka Tembo aipitie, kama ni laini ibonyee, kama ni ngumu ivumilie.

Twiga akatazama kutoka juu. Kutoka juu vitu vyote ni tambarare. Akasema, "Safi sana! Nilisikia hapa pana shimo."

"Lilikuwapo, Mheshimiwa," akasema Bi Jongoo. "Mwenyekiti wetu amelijaza mwenyewe."

"Yeye mwenyewe?"

"Kwa mwili wake, Mheshimiwa. Hakutuma mtu."

"Kiongozi mchapakazi! Yuko wapi nimpe mkono?"

"Yuko chini ya kazi, Mheshimiwa."

Twiga hakuelewa, lakini mkaguzi haulizi mara mbili, ataonekana hajasoma. Akasema, "Tembo, shindilia!"

Tembo akapanda mgongoni. Ndi!

"Mmmh," ikasema barabara.

Twiga akashtuka. "Nani huyo?"

"Ni barabara, Mheshimiwa. Imekuamkia."

"Ah. Marahaba, marahaba. Tembo, naona pana mwinuko kidogo hapo katikati. Rudia."

Ndi! Ndi!

"Mmmmmh!"

"Ina adabu kweli," akasema Twiga. "Rudia tena, nasikia raha."

Ndi! Ndi! Ndi! Kiboko machozi yanamtoka, tope linalowa, lakini kinywa amekifunga. Akifungua, maneno yatatoka, na gunia litatoka. Afe na fungu lake! Hata sasa, mnaona, mgongo unavunjika lakini shavu halijalegea. Mlafi ana uvumilivu, hilo tumpe.

Twiga akasema, "Barabara nimeiona. Je, njia ya miguu?"

 Kobe akatazama chini. Chura akatazama pembeni. Njia ya miguu haikuwapo, hata kwa kupaka tope. Bi Jongoo akasema, "Miguu iko chini, Mheshimiwa."

"Chini? Kwa nini miguu iwekwe chini?"

"Mheshimiwa, ya kwako iko wapi?"

Twiga akainamisha ile shingo, akashuka, akashuka, akashuka, mpaka akaiona. Alikuwa hajaitazama siku nyingi. Ilikuwa chini. "Kweli," akasema taratibu. "Iko chini."

Alipokuwa bado anaitazama, Bi Jongoo akaona hapo ndipo. Tiki-tiki-tiki, akaingia tundu la pua la kwanza. Miguu yote mle ndani, ikamtekenya. Tiki-tiki-tiki, tiki-tiki-tiki. Kiboko akavuta pumzi. Ardhi ikainuka na Tembo juu yake. Tembo akapiga yowe, "Barabara inapanda!" Bi Jongoo akazidisha, tiki-tiki-tiki-tiki-tiki. Kiboko akajizuia. Akajizuia. Akajizuia, akashindwa.

"Haaa... haaa... HACHWAAA!"

Bi Jongoo akarushwa huku, gunia likarushwa kule. Gunia likaanguka mbele ya Twiga, puu! limelowa mate. Kobe, mzee wa watu asiyejua kuficha, akaanza, "Ah, si lile fungu Mwenyekiti ali..." Bi Jongoo akarudi mbio akamkanyaga mdomo kwa miguu yote. 

Twiga akasema, "Hiki ni nini?"

"Ni fungu, Mheshimiwa. Lile lile la serikali."

"Limetoka wapi?"

"Barabarani."

"Fungu hutoka serikalini likaenda barabarani. Hili limetoka barabarani likaja serikalini?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lilitumika barabara, likaingia barabara, likabaki barabara, likatoka barabarani."

Twiga akamtazama Tembo. Tembo akamtazama Twiga. Twiga akasema, "Sijaelewa."

"Hata sisi, Mheshimiwa," akasema Bi Jongoo, na wananchi wote wakatikisa vichwa. Hapo hakuna aliyesema uongo.

Ndipo Kasuku, juu ya tawi, asiyejua lolote, akakumbuka kibwagizo chake: "Na njia ya miguu isisahaulike!"

"Umesikia, Mheshimiwa?" akasema Bi Jongoo. "Barabara imekwisha, imebaki njia ya miguu. Hili ndilo fungu lake."

"Basi nimkabidhi nani?"

"Njia ni ya miguu. Apewe mwenye miguu."

Twiga akaona hilo angalau lina akili. Akaanza kuhesabu. Tembo, minne. Kobe, minne. Konokono, akazunguka akatafuta, hakuna. Akafika kwa Bi Jongoo. Akahesabu, akahesabu, akafika katikati, Bi Jongoo akajikuna. Akaanza upya. Akahesabu, akahesabu, Bi Jongoo akageuka. Shingo ikamwuma, macho yakampishana, jua likampiga utosini. Akapiga kelele, "Chukua! Chukua! Yote ni miguu! Nimeipokea barabara, nimepokea na njia, nimepokea kila kitu, nipelekeni nyumbani!"

Akaondoka anayumba. Tembo nyuma yake, anakanyaga polepole, haiamini ardhi tena.

Sasa mvua haikungoja. Nayo kazi haikungoja. Wakanunua kokoto, wakanunua na vitofali. Kobe akabeba mgongoni. Chura akachimba mfereji wa maji. Konokono, aliyekosa miguu hata mmoja, akatembea ukingoni mwa njia yote, ute wake ukakauka ukang'aa, ukawa mstari. Ng'ambo hii ya mstari wakubwa, ng'ambo ile wadogo. Mstari huo kwato za Nyati zikauona zikapita mbali.

Mvua ikashuka kweli, chwa-chwa-chwa. Bondeni maji yakapanda hadi kwenye mzizi. Bi Jongoo akatangulia, hakugeuka nyuma kwa sababu hakuwa na moyo wa kutazama. Tiki-tiki-tiki. Ardhi ikatikisika, Nyati wanapita, ndi-ndi-ndi! Bi Jongoo akafumba macho, akaendelea kutembea. Alipogusa gogo kavu ndipo akageuka. Akafika mmoja, wakafika wengine, wamefuatana kama ushanga. Wa mwisho alikuwa mdogo kupita wote, naye alikawia njiani akishangaa mstari unavyong'aa. Bi Jongoo alimgombeza, akambusu, akamgombeza tena. Wote walifika. Jamani, wote walifika, na mimi kila nikifika hapa nafurahi kama ni wanangu.

Na Kiboko? Ala, nilimsahau. Kiboko alikuwa bado shimoni. Akatoa pua, akauliza, shavu sasa tupu na maneno yamenyooka, "Bi Jongoo! Wamekwenda? Niinuke?"

"Inuka tu, Mwenyekiti. Ila ukiinuka, shimo litarudi. Shimo likirudi, Mkaguzi ataambiwa. Mkaguzi akiambiwa..."

"Basi, basi," akasema Kiboko. Akarudi chini.

Kule kwa Simba, Twiga akatoa taarifa. "Barabara ya Vidimbwini ni imara, ina adabu, na inapumua."

Simba akamtazama. "Inapumua?"

"Inapumua."

Simba hakuelewa. Lakini mfalme akisema hajaelewa, nani atakaa na ufalme? Akatikisa manyoya ya shingo, akasema, "Ah! Ya kisasa. Nilikuwa nawaza hiyo hiyo. Miji yote iwe na barabara ya namna hiyo. Na kila mwenyekiti ajaze shimo lake kwa mwili wake, kama yule shujaa."

Amri ikatoka. Viboko wote, maana wenyeviti wote walikuwa viboko, msiniulize kwa nini, wakaingia kila mmoja katika dimbwi lake. Mpaka leo ukipita penye maji utawaona. Mgongo juu, pua juu, kimya, wanamngoja Mkaguzi. Wakipanua vinywa, wanajaribu kupiga chafya.

Unasemaje, Siwema?

"Shangazi, kwa hiyo Kiboko alikuwa mwizi au shujaa?"

Mheshimiwa Twiga amesema shujaa. Wewe umekagua barabara ngapi?

"Lakini Shangazi, aliiba fungu!"

Hakuiba, mwanangu. Alilihifadhi shavuni. Haya, nibebeeni ngano yangu!

"Tumeibeba!"

Ina uzito?

"Haina!"

Ina maana?

"Hatujui!"

Basi itueni hapo hapo, mwenye nayo ataifuata.

Na funzo lake ni hili, mlishike. Msiwe wajanja kama Jongoo, ujanja ni tabia mbaya, tena huchosha miguu. Muwe na subira, muwape pole wakubwa wenye mashavu yaliyovimba. Na siku mkimkuta kiongozi wenu amelala kazini, anakoroma, msimwamshe na msimlaumu. Mpigieni shikamoo kwa heshima zote, kisha mpite juu yake taratibu mwende mnakokwenda.